Perere wa Juu ya Mkuyu

Kati ya Mlima Kenya na Mto Tana pana nchi iteremkayo kwa ngazi tatu. Ngazi ya juu ni ya msitu, mianzi na baridi. Ya kati ni ya udongo mwekundu, chai na kahawa. Na ya chini, kuanzia pande za Ishiara ambako jua huanza kuchoma, ni nchi ya mibuyu, mtama na mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini. Rupingazi, Ena, Thuci, Mutonga na Kathita huteremka humo kila mmoja kwa njia yake, na yote, iwe imepita Embu au Meru, maji yake huishia katika Tana. Wanadamu wa huko wana mabaraza na makumbusho yao ya kale: Wameru wana Njuri Ncheke, ambayo makao yake yako Nchiru, na Waembu husimulia asili yao kwenye kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes. Wanyama nao, hekaya inasema, walikuwa na baraza lao, nalo lilikutana chini ya mkuyu mkubwa uliosimama ukingoni mwa Thuci, mahali ambapo mnyama wa juu na mnyama wa chini waliweza kuketi pamoja bila mmoja kumwambia mwenzake kwamba amevuka mpaka.

Katika nchi ya chini waliishi Kanga. Mababu zao walivuka Tana wakitoka upande wa pili katika kiangazi ambacho, kati ya walio hai, ni Mzee Kobe peke yake aliyekikumbuka. Waliomba mahali pa kutulia, na wenyeji wakawaruhusu kuokota punje zinazobaki katika mabua ya mtama baada ya mavuno. Fadhila hiyo waliilipa kwa kazi. Walidonoa kupe, walimaliza panzi, na kila chui alipojikunyata majanini au nyoka alipoelekea kwenye kiota cha mwenzao, wao ndio waliopiga ukelele wa kwanza. Nyani, ambao hulala juu ya majabali, walikuwa na msemo wao kwamba zamu ya usiku haina haja maadamu Kanga yu macho. Vizazi vikapita, vikaanguliwa vifaranga ambavyo havikujua kama Tana ina upande wa pili, na hakuna aliyewauliza kwao ni wapi, kwa kuwa kila mtu alijua kwao ni pale walipo.

Kila kiangazi cha tano wanyama walimchagua Mlinzi wa Kisima, yaani yule aliyepanga nani anywe lini maji ya mto yanapokatika. Mwaka huu tunaousimulia kiangazi kilikuwa kikali, Thuci ikakonda mpaka mawe ya chini yakaonekana migongo, na kisima cha mchangani kikawa hujaa mara moja tu kwa usiku. Waliotaka ulinzi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Kuro, mnyama wa maneno machache aliyeishi kando ya maji siku zote. Wa pili alikuwa Perere, aliyeshuka kutoka msitu wa mlimani. Perere, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo wa kubebwa mikononi na mtoto, lakini usiku ukiingia sauti yake huanza kwa kukwaruza, hupanda daraja baada ya daraja, na huishia katika ukelele unaomfanya mgeni msituni ajifunike blanketi hadi usoni. Mchana hujificha katika uwazi wa mti. Hakuna aliyewahi kumwona akipigana na mtu.

Usiku wa kwanza Perere alipanda mkuyu, akakaa kwenye tawi la juu kabisa, akazungumza juu ya kisima. Alieleza namna mchanga unavyokijaza, namna ya kukichimba kiwe na kina zaidi, na zamu za kunywa ambazo zingewawezesha wadogo kufika kabla maji hayajatibuliwa na wakubwa. Yalikuwa maneno ya maana. Nyati alicheua, Ngiri alisinzia, na vijana wa Nyani wakawa wanarushiana tini zilizoanguka. Hapo ndipo Perere, amechoka kutosikilizwa, alipotupa neno ambalo hakuwa amelipanga: “Na maji haya yangetutosha sote, lau si haya madoadoa yaliyotapakaa humu.”

Vijana wa Nyani wakaacha kurushiana tini. Mmoja akabweka, wa pili akaitikia, kisha kundi zima likainuka kwa miguu ya nyuma likipiga kelele mpaka ndege wakaruka gizani. Perere akanyamaza. Wapo walioshikilia baadaye kwamba alinyamaza kwa kushtuka. Lakini Mzee Kobe, aliyekuwa amejilaza kati ya mizizi, aliona vizuri jinsi masikio yake madogo yalivyogeuka kuzifuata kelele zile, kulia kisha kushoto, mpaka zilipotulia. Ndipo Perere akalirudia neno lile lile, polepole zaidi, akaacha nafasi baada yake. Nafasi hiyo ilijazwa kwa kelele zilizopita zile za kwanza.

Tangu usiku ule hakuzungumza tena juu ya mchanga wala kina. Usiku wa pili alisema kwamba nguo ikiingia doa haitupwi, hufuliwa. Usiku wa tatu alisema kwamba shamba lililojaa magugu halihitaji mvua, linahitaji jembe. Usiku wa nne alisema kwamba kila mgeni anaijua njia iliyomleta, na njia hiyo haijafungwa. Kila sentensi aliijengea milango miwili: mmoja wa kuingilia, ambao kila kijana wa Nyani aliujua, na mmoja wa kutokea, ambao aliuweka akiba yeye mwenyewe kwa siku atakapoulizwa. Hakulitaja jina la Kanga hata mara moja. Hakuhitaji, maana katika nchi nzima ya chini hakukuwa na ndege wengine wenye madoadoa waliookota mtama wa watu.

Yafaa tuwatazame vijana hao wa Nyani kwa haki. Kiangazi kiliwakuta hawana kazi. Madume wakubwa walishika matunda na kivuli, na wadogo waliamrishwa wangoje zamu yao, zamu ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Perere alikuwa wa kwanza kuwaita kwa jina la heshima. Aliwaita jeshi. Akiwa juu ya mti, penye tini zilizoiva, aliwarushia konzi moja kila baada ya mkutano, nao wakagombania chini huku wakimshukuru. Walipomwita “Mheshimiwa,” naye aliwaitikia “wanangu.” Watoto wake wa kuzaa walikuwa wamelala mlimani, katika uwazi wa mti mkavu, mbali na vumbi.

Aliyeyabeba maneno hayo kwenda mbali alikuwa Kasuku. Kasuku hakuongeza neno, alipunguza. Mkutano wa usiku mzima ulifika Siakago ukiwa sentensi mbili, ukafika bonde la Mutonga ukiwa neno moja, na wale ambao hawakuwahi kumwona Perere, wala kusikia mlango wake wa kutokea, walilipokea neno hilo likiwa limechongoka. Kuro, mshindani wake, hakukemea. Alizihesabu kura za Nyani akaziona ni nyingi, akasema moyoni kwamba mambo hayo yatapita uchaguzi ukiisha.

Aliyekwenda kumkabili Perere alikuwa Mzee Kobe. Alianza safari alasiri akafika shinani jua likizama, akagonga gome la mti kwa gamba lake.

“Mheshimiwa,” akasema, “shuka kidogo tuzungumze, shingo yangu haifiki huko.”

“Nakusikia vizuri nikiwa hapa, Mzee wangu,” akajibu Perere.

“Basi nisikie. Nimeishi miaka mingi chini ya ghala la mwenye duka pale Ishiara, na redio yake imenifundisha mengi juu ya jirani zetu wanadamu. Tarehe 27 Desemba, 2007, walipiga kura. Kabla ya kura, huko Bonde la Ufa, palisemwa maneno haya haya unayoyasema: madoadoa, magugu, wageni. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, waliosemwa wakaanza kuchomewa nyumba, na kisasi kikafuata kisasi mji kwa mji. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliwahesabu waliokufa, ikaandika 1,133. Waliohamishwa walikuwa mamia ya maelfu, na wapo waliozeeka katika mahema. Mwaka 2008 wanadamu wakatunga sheria ya utangamano, wakaunda na tume ya kuisimamia. Hata hivyo, Januari 2022, katika mkutano wa kisiasa Eldoret, mji wa huko huko Bonde la Ufa uliokuwa umezika watu, neno madoadoa likasikika tena jukwaani, nalo halikutoka kinywani mwa mtu wa huko: alilisema kiongozi aliyetoka pande hizi zetu za mlima. Miezi michache baadaye tume ikaliweka katika orodha ya maneno inayoyakemea. Mheshimiwa, neno hilo lina kaburi. Usilichimbue kwetu.”

Perere akacheka kwa upole. “Mzee, hiyo ni lugha ya jukwaani. Kila mtu anajua ni siasa.”

“Kila mtu yupi?” akauliza Kobe. “Wewe uliye juu unajua ni siasa. Aliye chini anajua ni amri.”

“Mimi nilisema magugu, Mzee. Kama kuna ndege anayejiona ni gugu, hilo ni lake.”

Kobe akakaa pale shinani hata giza likaingia, akitumaini Perere atashuka. Badala yake walikuja Nyani, mmoja mmoja, wakijaza uwanja, na mkutano wa usiku wa tano ukaanza. Usiku huo Perere alisema hivi tu: “Kisima kitafunguliwa kesho. Nataka kikifunguliwa kiwe safi.”

Warina asali walikuwa wamepita jioni ile chini ya mibuyu ya ng'ambo, wakafukiza mizinga yao na kuondoka, nao waliacha kijinga kimoja kikifuka moshi kwenye mchanga. Kijana mmoja wa Nyani alikiokota. Hakuwa mkali kuliko wenzake. Wenzake walisema tu kwamba ndiye aliyekuwa karibu nacho. Walikwenda na kijinga hicho hadi kwenye mabua walikolala Kanga, na upepo wa kiangazi, ambao haujui mipaka ya jukwaa wala ya shamba, ukaipokea kazi hiyo na kuikamilisha. Nyasi ziliwaka mpaka karibu na kilima cha Kiang'ombe. Mizinga ilishika moto matawini, asali ikatiririka ikiwaka, na mtama ambao haukuwa umevunwa ukageuka majivu pamoja na ule uliokwisha kuvunwa. Kanga wenye mbawa zenye nguvu waliruka. Waliokuwa wakiatamia hawakutaka kuruka.

Kulipokucha, Kanga mmoja jike alirudi. Alikitafuta kiota chake kwa kunusa na kukwaruza, kwa sababu alama zote zilikuwa zimeungua, akakipata kando ya jiwe aliloliegemea tangu mayai yalipoanza kutagwa. Mayai yalikuwa humo yote, hayakuvunjika, maana ganda la yai la kanga ni gumu. Yalikuwa meusi na yenye joto. Aliyageuza moja moja kwa mdomo, akayapanga vile anavyopanga siku zote, kisha akayakalia. Walipokuja wenzake kumchukua saa sita mchana, aliwaomba wangoje mpaka jioni, siku zake za kuatamia zilikuwa zinakaribia kutimia.

Asubuhi hiyo hiyo Perere alitoa tamko. Alisema analaani vikali kitendo kile, kwamba waliokifanya ni wahuni wasiojulikana, kwamba huenda walitumwa na mahasimu wake ili kumchafulia jina, na kwamba yeye, kwa huruma yake, anawapelekea Kanga kapu la mtama. Kapu lilifika likiwa na Kasuku pembeni yake, ili nchi nzima isikie limefika. Siku mbili baadaye, usiku, Perere alirudi kwenye tawi lake. Majivu yalikuwa bado yanapeperuka, macho ya wasikilizaji bado mekundu kwa moshi. Akaanza kwa kukwaruza, akapanda daraja baada ya daraja, na alipofika juu kabisa alilitamka tena lile neno. Akachaguliwa Mlinzi wa Kisima.

Baraza lilikaa mwezi ulipoandama. Aliyeletwa mbele kwanza alikuwa yule kijana wa Nyani, mkono wake wa kuume umebabuka kiganja kizima. Wazee wakamuuliza kama ni yeye aliyekibeba kijinga.

“Ni mimi,” akasema. “Kanga hakuwa amenikosea kitu. Nilipokuwa mdogo mmoja wao alinipigia ukelele, nikaruka, chui akakosa. Lakini usiku ule nilikuwa jeshi, na jeshi haliulizi. Nilidhani nikirudi nitaitwa mwana. Niliporudi nikasikia naitwa mhuni asiyejulikana, na aliyesema hivyo ananijua kwa jina.”

Kinyonga akasimama kumtetea Perere. Alizungumza vizuri. Alisema baraza lihukumu mikono, kwa kuwa mkono una kidonda cha kuonyesha, ilhali neno halina alama ya vidole. Alisema kila Nyani ana akili yake, na kumfanya Perere ajibu kwa tendo la mwingine ni kuwaita Nyani wote watoto wachanga. Alisema pia kwamba hata majaji wa The Hague, walipoletewa kesi za wakubwa waliotajwa kwa damu ya 2007 na 2008, hawakumtia hatiani hata mmoja, na ya mwisho waliifuta Aprili 2016.

Aliyemjibu alikuwa Korongo, ndege wa safari ndefu, ambaye nchi nyingi amezipitia kwa mbawa zake mwenyewe. “Majaji hao nilizisikia habari zao,” akasema. “Walipoifuta kesi ile ya mwisho hawakuandika kwamba walioshtakiwa hawana hatia. Walieleza jinsi mashahidi walivyoingiliwa, wakaacha mlango wazi wa kesi kufunguliwa upya. Hapakusemwa popote kwamba neno halina mwenyewe. Sasa niwape habari ya karibu zaidi. Nilipita Arusha. Huko ilikaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na tarehe 2 Septemba, 1998, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Miongoni mwa makosa yake ni kwamba tarehe 19 Aprili, 1994, alisimama mbele ya umati akawahimiza waungane kumwangamiza adui, naye alijua vizuri umati ule utamwelewa adui kuwa ni nani. Majaji walitazama Taba kabla ya hotuba na Taba baada ya hotuba, wakaona uhusiano. Waliobeba mapanga hawakuondolewa lawama kwa sababu hiyo. Lawama iliongezewa mwenyewe.”

Minong'ono ikazagaa, na baadhi ya wazee wakaanza kusema kwamba, ikiwa ni hivyo, heri mikutano ya usiku ipigwe marufuku yote. Aliyepinga alikuwa Mama Kanga, yule aliyeyakalia mayai.

“Msifunge vinywa kwa ajili yangu,” akasema. “Mlinzi aliyepita alipotunyima zamu yetu ya maji, mimi nilisimama hapa hapa nikamwita mwizi, na maneno yangu yalikuwa makali. Nataka niweze kusema hivyo kesho. Wanadamu wenyewe, katika kifungu cha 33 cha katiba yao ya 2010, wamempa kila mtu uhuru wa kujieleza, na katika kifungu hicho hicho wakasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mimi nilimsema mwenye mamlaka kwa alilolitenda, naye aliweza kujibu. Perere alituambia sisi tuondoke kwa vile tulivyozaliwa. Manyoya haya ningeyajibia nini?”

Ndipo Mzee Kobe akaomba nafasi. Hekaya inayakumbuka maneno yake kwa ukamilifu, kwa kuwa kuanzia siku hiyo yalifundishwa kwa watoto wa juu na wa chini.

“Kinyonga anasema neno halina alama ya vidole. Mimi nilikuwa kwenye mizizi ya mti huu usiku wa kwanza, na alama niliiona. Perere alizungumza juu ya mchanga, hakuna aliyemsikiliza. Akatupa neno, umati ukanguruma. Hadi hapo ningeweza kumsamehe, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi sote tumewahi kujikwaa. Lakini aliusikiliza ungurumo ule. Aliupima. Kisha akalichukua neno lile mara ya pili, na mara hiyo alilichagua, akaliacha jembe la kuchimbia kisima. Alilichagua kwa sababu gani? Kwa nguvu yake. Aliyelichagua neno kwa nguvu yake hawezi kusimama mbele yetu akaikana nguvu hiyo. Siku ya kuhesabu kura alisema, ‘Jeshi langu ni kubwa.’ Siku ya kuhesabu majivu anasema, ‘Sina jeshi.’ Hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja.

“Tena iko hesabu ya tatu, nayo ni nzito kuliko zile mbili. Moto ulipowaka, alikuwa bado na njia ya kuonyesha kwamba hakukusudia. Angeshuka. Angesimama mbele ya vijana wale wale, saa ile ile, akawaambia kwa sauti ile ile kwamba Kanga ni wenzao na aliyewagusa amemgusa yeye. Sauti iliyoweza kuwainua ingeweza kuwaketisha. Yeye alileta kapu la mtama mchana, akarudi na neno lake usiku, akijua sasa, bila shaka yoyote, neno hilo linaweza nini. Kijana huyu atajibu kwa mkono wake, na asidhani kuungua kwake kumemlipia deni. Lakini mkono wake una mwisho hapa begani. Unaoendelea kutoka hapo ni mkono wa Perere.”

Hukumu ikatolewa. Vijana wa Nyani watakata mabua mapya, watajenga viota na kulinda shamba la mtama hadi mavuno mawili yapite. Perere atauacha ulinzi wa kisima, hatauomba tena kwa viangazi viwili vya uchaguzi, na atapita kila mahali neno lake lilipofika, akasimame chini, usiku, mbele ya wale wale waliolisikia, alikane kwa kinywa chake.

Perere hakushuka. Alikaa katika uwazi wa mkuyu, na baraza likagundua kwamba limetoa hukumu ambayo hakuna mzee awezaye kuipandia. Nyati hapandi mti. Kobe hapandi mti. Waliokuwa na mikono ya kupanda ni Nyani peke yao, nao walitazama chini. Wengine walisema yaliyopita si ndwele, tusonge mbele. Wengine walisema Perere ni wa upande wao, na akiadhibiwa yeye wameadhibiwa wote.

Wakati wazee wakibishana, Kanga walikuwa wamevuka Tana kurudi upande ambao hawakuwa wakiujua, na usiku wa nchi ya chini ukawa hauna mlinzi. Chui akapanda majabali ya Nyani, hakuna aliyepiga ukelele. Alichukua mtoto mmoja, na baada ya siku chache akachukua wa pili. Hapo mama zao hawakungoja baraza. Waliupanda mkuyu kwa pamoja, wakamkuta Perere amejikunja ndani ya uwazi, mdogo kuliko walivyomdhania walipokuwa wakimsikiliza kutoka chini, wakamshusha bila kumpiga, wakamweka mchangani. Mmoja wao, aliyefiwa, alimwambia: “Mheshimiwa, ulituita jeshi, na watoto wako walikuwa wamelala mlimani. Leo utatembea nasi kwa miguu, kila mahali ulipotutuma.”

Akatembea. Ishiara, Siakago, bonde la Mutonga, ukingo wa Kathita: kila mahali alisimama mavumbini akalikana neno lake, na vijana wakasikia kwamba sauti ya Perere, akiwa chini, ni sauti ya kawaida tu. Akina mama wa Nyani walikwenda mpaka Tana kuwaomba Kanga warudi. Baadhi walirudi. Mama Kanga alirudi, ila hakukubali kulala tena katika mabua. Alilala juu ya mti mrefu wa miiba, na hakuna aliyethubutu kumlaumu kwa kukosa imani.

Kiangazi cha tano kilichofuata, baraza liliweka kanuni mbili. Anayeomba uongozi asimame chini, wala asipande juu ya mti. Na wale anaotaka kuwasema waketi safu ya mbele, ambako ataona nyuso zao na wao wataona yake. Mgombea wa kwanza aliposimama, alianza kwa kukohoa, kisha akasema kwamba maji yangetosha lau si wengine fulani. Kijana mmoja wa Nyani, mwenye kovu la moto kiganjani, akanyoosha mkono huo juu kabla mwenzake yeyote hajapata kunguruma.

“Fulani ni nani, mkubwa?” akauliza. “Mtaje jina na kosa lake. Yuko hapa, atajibu.”

Mgombea akatazama safu ya mbele. Hakuwa na jina la kutaja wala kosa la kuthibitisha, na umati haukumpa kelele za kujifichia, kwa hiyo alilazimika kuzungumzia mchanga uliokijaza kisima, kina chake, na zamu za kunywa. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamuuliza maswali, kisha wakaenda kupiga kura.